Nimetumwa Kumtafuta Mkwe Mwenye Roho Mbaya, na Mkwe Mwenyewe Ni Mimi

Mpendwa mshauri, niokoe kabla sijaumbuka. Nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni hapa ofisini, maana ndipo mahali pekee ambapo hakuna wa kuniuliza, "Mratibu, yule mkwe umempata?" na nikitoka humu nikiulizwa tena sijui kama nitalia au nitacheka, na vyote viwili vitaniponza.

Mimi ni mke wa mtu, mama wa mapacha, na ni mratibu katika ofisi ya mtaa wetu. Kazi yangu ni kuziunganisha idara zinazohudumia wananchi, maana kwa miaka mingi hapa kwetu watu wa maji walikuwa wanachimba barabara wiki ileile watu wa barabara walipomaliza kuitia lami, na kila mmoja akiulizwa anasema hakuambiwa. Mwaka huu tukasema basi, tukae meza moja, zahanati, zimamoto, polisi, maji na maktaba, tuweke malengo ya mtaa mzima na tuyafikie kwa pamoja. Lengo la kwanza nililitunga mimi, nikalisoma kwa sauti, nikapigiwa makofi: asiwepo mzee anayeishi peke yake katika mtaa huu atakayemaliza wiki bila kusikia hodi mlangoni kwake. Hatukuajiri mtu mpya. Msoma mita akipita kwenye mita zake anapiga hodi, zimamoto wakikagua mitungi ya gesi wanapiga hodi, muuguzi mkuu wa zahanati, ambaye sote tunamwita Sista, akipita kupima presha anapiga hodi, na mkutubi anapeleka kitabu. Mshauri, ni mpango mzuri, naapa, na nilikuwa najivuna nao kama mtu aliyejifungua.

Sasa nyumbani kwangu tunaishi na mama mkwe. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alimjengea mama chumba kwa nyuma, kikiwa na mlango wake unaotokea kichochoroni ili awe huru na wageni wake, na mlango mwingine wa ndani unaoingia sebuleni kwetu. Mlango wa kichochoroni aliupaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Chakula tunapika sisi, nguo tunafua sisi, dawa za kisukari nampa mimi asubuhi kabla sijatoka. Hayo uyashike, maana mbele utanihukumu.

Basi tukawa kikaoni, Sista akaomba kuzungumza. Sista ni mtu wa huruma nyingi, akisimulia lazima ashike kifua.

"Jamani, kuna bibi nimemkuta, tangu jana chakula hakinipiti," akasema. "Ana mtoto, ana mkwe, na huyo mkwe ana cheo chake ofisini, ila hana muda hata wa kumsalimia. Lakini bibi yuko peke yake na redio. Nikamuuliza, bibi, mara ya mwisho kuongea na mtu ni lini? Akaniambia, 'Mwanangu, mimi naongea na taarifa ya habari.'"

Afande, yaani mkuu wa kituo chetu cha polisi, akapiga meza. "Huyo mkwe ana roho ya namna gani?"

Na mimi, mshauri, mimi mwenyewe kwa kinywa changu, nikatikisa kichwa kuliko wote nikasema, "Watu wengine hawana utu kabisa. Mungu anawaona."

Sista akaendelea: "Anakaa kile kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha matofali. Mlango wa bluu."

Ni mlango wa mama mkwe wangu. Nikainama kana kwamba nimeangusha kalamu, nikakaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili.

Jioni nilimfuata mama. "Mama, umemwambia nini Sista wa zahanati?"

"Yule mtoto? Ana adabu sana."

"Umemwambia unaishi peke yako."

"Aliniuliza kama niko peke yangu. Nikatazama chumba chote, nikaona niko peke yangu. Ulitaka niseme uongo?"

"Na kwamba mkwe wako hana muda hata wa kukusalimia?"

"Jina sikutaja," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nikamwendea mume wangu, yuko mbele ya mpira. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mke wangu, wewe unatafuta wazee wapweke, mama kajitolea. Hasara iko wapi?" Halafu mtu akafunga bao na mazungumzo yakaishia hapo.

Ningesema ukweli siku iliyofuata yangekwisha. Nikasema nitasema Jumatatu. Jumatatu nikakuta habari ya bibi wa mlango wa bluu imeshazagaa idara zote, na wote wanamkimbilia. Unajua mama mkwe wangu anajua kupokea mgeni, ana chai, ana hadithi, na kwake hakuna ngazi za kupanda. Siku za wageni anafunga mlango wa ndani kwa komeo na picha yetu ya harusi anaigeuzia ukutani. Zimamoto wakija na gari lao wanaliegesha pale kichochoroni mpaka majirani wakadhani tunaungua. Na kwenye ripoti kila idara ikaandika imemfikia mzee mmoja, mzee mwingine, na mwingine tena, nikijumlisha naona tunaelekea kulifikia lengo kabla ya wakati, nikichunguza nakuta nusu ya hao wazee ni mama mkwe wangu.

Kisha ikaja siku ya jino. Jino liliniuma nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani mchana, nikavaa gauni la kulalia na ndala, shavu limevimba kama nimeficha andazi, nikapita mlango wa ndani, ambao siku hiyo mama alisahau kuukomea, kumwomba karafuu. Namkuta nani? Mkuu wa zimamoto, kakaa kwenye kiti changu cha kusukia nywele, kofia yake ya chuma iko magotini, kikombe mkononi.

"Mratibu!" akasema, akasimama. "Kumbe na wewe unamtembelea bibi?"

Mshauri, nikasema, "Ndiyo."

Akatazama miguu yangu. "Na ndala?"

"Mguu unauma," nikasema, nimeshika shavu.

Mama akanivuta akanikalisha kitandani, akanipapasa mgongo. "Huyu binti, mwanangu, huyu ndiye mwenye moyo. Laiti angekuwa yeye ndiye mkwe wangu!"

Wakati huohuo pacha mmoja akapiga kelele toka sebuleni, "Mamaa! Mwenzangu kanichukulia viatu!"

"Watoto wa jirani hao," mama akasema bila kupepesa. "Hawana malezi."

Zimamoto akatoa biskuti kwenye mfuko, zile za krimu, akampa mama, akaninong'oneza akiwa anatoka, "Mkwe wake anamnyima hata biskuti, unaamini?" Nilikwenda kuinua godoro, nikakuta maboksi yamepangwa kama dukani. Na kikao kilichofuata Sista akalalamika kwamba sukari ya bibi inapanda na haelewi kwa nini, "huyo mkwe anamlisha nini?" na Zimamoto amekaa pembeni yake anatikisa kichwa kwa uchungu, na mimi katikati yao najua majibu yote, nimenyamaza.

Hapo nilikuwa bado nacheka kidogo moyoni. Kilichonikata kicheko ni fundi viatu.

Kuna mzee aliyekuwa fundi viatu, anaishi ghorofani juu ya lililokuwa duka lake, ngazi zake kali kama za kupandia dari, hana mke wala mtoto, na si mtu wa maneno matamu. Kumpigia hodi ilikuwa zamu ya zimamoto. Siku ya zamu hiyo walianzia kwa mama, mama akawasimulia hadithi ndefu, wakachelewa, wakaitwa kazini, fundi hawakumfikia. Naye alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda, bega limeteguka, hawezi kuinuka. Alilala sakafuni mpaka kesho yake, msoma mita alipopita akasikia mtu anagonga sakafu kwa nyundo. Nilikwenda kumwona hospitali. Akaniambia hivi, na hakusema kwa hasira: "Nilisikia gari la zimamoto limesimama huko nyuma ya kiwanda. Nikasema, haya, wakitoka huko watakuja. Halafu nikalisikia linaondoka."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kikaoni tukatafuta kosa liko wapi. Zimamoto akakiri alikawia kwa bibi wa mlango wa bluu. Afande akasimama: "Basi mwenye kosa ni yule mkwe! Angemtunza mama yake, sisi tungekuwa tunajazana kule kwa nini?" Wote wakaitikia. Wakaamua mambo mawili: kwamba bibi atasimama kutoa ushuhuda kwenye mkutano wa wananchi mwisho wa mwezi, na kwamba mratibu amtafute huyo mkwe, amlete mbele ya kamati aelezwe. Nikasema, "Nitamtafuta." Ningesema nini?

Sasa Afande kila tukikutana ananisaidia kwa mawazo. Jana ameniambia yeye kwa uzoefu wake anamwona kabisa huyo mwanamke: ana majivuno, anapaka rangi nyekundu kucha, anavaa wigi. Nikaingia ndani nikavua wigi. Leo anasema atakwenda mwenyewe kukaa pale kichochoroni aone nani anaingia na kutoka. Mama naye ameshachagua gauni la mkutano.

Mshauri, nikisema, mama anaaibika mbele ya mtaa, na mimi kazi sina. Nisiposema, nitakuwa nimejenga mpango wa kuwasaidia wazee juu ya uongo wa nyumbani kwangu. Na kinachoniuma zaidi, mimi simtesi yule mama, namtunza! Nifanye nini?

Ni mimi,
Mkwe Ninayetafutwa

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe unayetafutwa, umeshapatikana. Toka chooni, wengine wanasubiri.

Nikiri kwamba nilipofika kwenye jino nilicheka hadi mwenzangu wa meza ya michezo akaja kuuliza kuna nini. Nilipofika kwa fundi viatu nikaacha. Wewe pia unasema uliacha pale, na hapo ndipo ulipopaswa kusema. Mtu mzima amelala sakafuni usiku kucha anasikiliza gari, na wewe kikaoni unakubali kwenda kujitafuta mwenyewe! Dada yangu, woga nauelewa, lakini woga nao una mwisho wake.

Kwanza kabisa, jambo lisilosubiri hata jioni: mpigie Sista sasa hivi umwambie habari ya biskuti. Mama mkwe wako ana kisukari. Zahanati wanapima sukari, zimamoto wanaileta, na wote wanakaa benchi moja kila kikao! Mnasema mnashirikiana. Kukaa meza moja si kushirikiana, hata watu wasiojuana hukaa meza moja wakisubiri wali. Kushirikiana ni kila mmoja kujua mwenzake ameingia mlango gani na amefanya nini huko. Na mzee mmoja ahesabiwe mara moja, hata akitembelewa na mtaa mzima. Mnachofanya sasa ni kuhesabu hodi. Wazee hamjawahesabu.

Pili, kamati uiambie wewe, kwa mdomo wako, kwenye kikao, kabla Afande hajakuona unatoka mlango wa bluu na takataka mkononi. Usizunguke. Usianze na jino. Sema: "Yule mkwe ni mimi, nilijua tangu siku ya kwanza nikanyamaza." Wakikasirika, watakuwa na haki. Mama asipande jukwaani, na hilo umwambie nyumbani kwa upole, usiliachie kamati limwangukie hadharani.

Sasa njoo karibu, maana hili ni la sisi wawili. Unasema humtesi, unampikia, unamfulia, unampa dawa. Nakuamini. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja sikukipata. Unasema mama ana hadithi mpaka zimamoto wanasahau kazi. Hadithi gani? Zimamoto anazijua. Sista anazijua. Mkutubi anazijua. Wewe unayeishi naye hujaniandikia hata moja. Mama wa watu aliulizwa kama yuko peke yake, akatazama chumba, akajibu alichokiona. Amesema uongo kwa mengi, lakini kwa hilo sina hakika. Dawa unampa asubuhi umesimama, mkoba uko begani, sivyo? Nimejua.

Na mume wako, huyo wa kushika mbavu. Ni mama yake aliyemzaa. Mwambie mshauri amesema mpira una mapumziko, na mapumziko yanatosha kumuuliza mama ameshindaje.

Mwisho, usithubutu kumfungia mama ndani kwa adhabu. Mtu anayeweza kumkalisha mkuu wa zimamoto na kofia yake mpaka akasahau king'ora, huyo ni hazina, na nyinyi mmemweka upande wa kutembelewa. Mhamishieni upande wa kutembelea. Fundi viatu akitoka hospitali atahitaji mtu wa kumpigia hodi ambaye hatakimbilia kazi nyingine. Mpeni mama kazi hiyo, rasmi, mbele ya kamati, na mtu wa kumshika mkono kwenye zile ngazi. Atakataa. Mwambieni fundi ni mtu mbishi sana. Atakubali.

*

Wasomaji, kwa kuwa mkutano ulikuwa karibu, jibu hili nilimtumia mwenyewe kwa simu kabla ya kulichapa. Ameniandikia tena, na maneno yake nayaweka kama yalivyo:

"Mshauri, nimesema. Nilisimama nikasema yule mkwe ni mimi, Afande akavua kofia akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akasema kwa uzoefu wake alikuwa anashuku. Zimamoto hakucheka, aliuliza tu, 'Kwa hiyo mguu haukuuma?' Sista hakucheka wala hakuuliza. Aliniambia, 'Mimi nililia kwa sababu yako, kumbe nalia na wewe umekaa hapo,' na mpaka leo salamu yake ni ya nusu, nami naistahili. Kazi sijafukuzwa, nimepewa onyo, na ripoti imeandikwa upya, tumeonekana tuko mbali sana na lengo, lakini safari hii tunajua mbali ni wapi na nani yuko huko.

"Mama alinuna. Alikaa na redio yake, hasemi na mtu, mpaka mume wangu alipohamisha kiti chake akaenda kukaa kule chumbani, mechi ikiwa inaendelea, akamuuliza hadithi aliyowasimulia zimamoto siku ile. Nikasogea na mimi, nikakaa chini. Ilikuwa ni habari ya yeye na marehemu baba mkwe walivyotoroka harusi yao wenyewe kwa sababu wageni walikuwa wengi mno, na mwanawe wa kumzaa alikuwa hajawahi kuisikia.

"Kwa fundi viatu alikataa kama ulivyosema, na kwa habari ya ubishi akakubali kama ulivyosema. Mkutubi anampandisha ngazi. Tatizo ni moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie tena: fundi ameleta malalamiko kwenye kamati. Anasema lengo linataka hodi moja kwa wiki, lakini yule mama anakuja kila siku, anambishia kila neno, amemhamishia vyombo, na juzi kamwambia viatu alivyoshona maisha yake yote vilikuwa vinabana. Anaomba apunguziwe. Nimwambieje?"

Asipunguziwe.